Kutoka Berlin hadi Arusha: nani ana haki ya kushtaki juu ya biashara ya Congo?

Sheria kubwa ya kwanza ya mataifa juu ya biashara ya Congo haikuandikwa Congo. Iliandikwa mjini Berlin, Ujerumani, na kutiwa saini tarehe 26 Februari 1885. Inchi 14 zilituma wajumbe: inchi za Ulaya, Marekani na Uturuki. Hakuna mkaaji hata mmoja wa bonde la Congo aliyeketi kwenye meza ile.

Maneno ya mkataba yalikuwa mazuri. Biashara ya mataifa yote iwe huru kabisa katika bonde la Congo. Bidhaa zinazoingia zisitozwe ushuru. Serikali isimpe mtu wala kampuni haki ya kufanya biashara peke yake. Na bonde hilo, kwenye karatasi, lilivutwa hadi Bahari ya Hindi. Burundi na Rwanda za leo, Uganda na Tanganyika, zote ziliingia ndani ya sheria hiyo.

Lakini huria hiyo ilikuwa ya nani? Jibu lilikuja haraka. Tarehe 1 Julai 1885, utawala wa mfalme Leopold wa Pili ulitoa amri kwamba ardhi yote isiyo na mwenyewe ni mali ya serikali. Pori ambamo watu walikuwa wakiwinda na kuchuma likahesabiwa kuwa halina mwenyewe. Mwaka 1891 amri nyingine ikaweka pembe za ndovu na mpira mikononi mwa serikali katika maeneo makubwa. Mwanakijiji hakuweza tena kumuuzia mpira mnunuzi aliyemtaka. Alilazimishwa kuuleta kama kodi, na waliopungukiwa walipigwa, walifungwa, hata waliuawa. Wakati huo wote mkataba wa biashara huru uliendelea kuwepo.

Waliotumia mkataba huo kulalamika walikuwa watu wa mbali. Wafanyabiashara wa Liverpool walisema wamefungiwa soko waliloahidiwa. Mwaka 1903 bunge la Uingereza lilijadili mateso ya wakaaji wa Congo na biashara iliyofungwa, likaomba inchi zilizotia saini Berlin zishauriane. Mashtaka hayo, pamoja na ripoti ya konsuli Roger Casement ya mwaka 1904 na ushuhuda wa Wakongomani mbele ya tume ya uchunguzi, yalisaidia kumtoa Leopold. Mwaka 1908 Ubelgiji ikaichukua Congo. Wakongomani walisikilizwa kama mashahidi, lakini hawakuwa na mahali pa kufungua kesi kwa jina lao.

Baada ya vita kuu ya kwanza, mwaka 1919, sehemu ya mataifa yale yalitia saini mkataba mpya huko Saint-Germain, karibu na Paris. Sasa serikali ziliruhusiwa kutoza ushuru, ila wafanyabiashara wa inchi zilizosaini watendewe sawa. Sheria hiyo ilionekana hata kwenye nguo. Mwaka 1934 Uingereza iliweka kikomo kwa vitambaa vya Japani katika makoloni yake mengi. Katika Kenya, Uganda na Tanganyika haikuweza, kwa sababu mkataba wa bonde la Congo uliizuia. Mtu wa kawaida sokoni aliendelea kununua kitambaa cha bei nafuu bila kujua kwamba bei hiyo inalindwa na karatasi iliyosainiwa Ulaya.

Mwaka huohuo ndipo ilipotolewa hukumu maarufu zaidi juu ya biashara ya mto Congo. Mwingereza mmoja, Oscar Chinn, alikuwa amefungua kazi ya kusafirisha mizigo kwa mashua kutoka Léopoldville, ambayo leo ni Kinshasa. Mwaka 1931 bei za mazao zilikuwa zimeanguka dunia nzima. Serikali ya Ubelgiji iliamuru kampuni ya Unatra, ambayo sehemu kubwa ilikuwa mali ya serikali, ishushe sana bei ya kusafirisha, na ikaahidi kulipa hasara yake. Chinn hakuweza kushindana na kampuni inayolipiwa hasara na serikali. Akafunga kazi.

Chinn mwenyewe hakuweza kwenda mahakamani The Hague, kwa sababu mahakama ile ilipokea serikali tu. Uingereza ikamshtaki Ubelgiji kwa niaba yake. Tarehe 12 Desemba 1934 majaji 6 dhidi ya 5 waliamua kwamba Ubelgiji haikuvunja mkataba: biashara huru haimwahidi mtu kwamba wateja wake watabaki, na Chinn hakubaguliwa kwa sababu ya uraia wake.

Chinn alishindwa, lakini alikuwa na serikali ya kumsemea. Mkongomani mwenye mtumbwi, au mkulima aliyetegemea bei hizo za usafiri, hakuwa na serikali yake. Hakuna aliyeuliza mahakamani hasara yake ni ngapi.

Leo sheria za juu ya mataifa bado zinaingia sokoni, ila Congo inazitia saini yenyewe. Tangu Septemba 2012, sheria za OHADA zinatawala mikataba, makampuni na madeni ya biashara inchini, na kesi za namna hiyo zinaweza kufika mahakama ya pamoja ya Abidjan, Côte d'Ivoire. Mwaka 2022 Congo iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, na tangu tarehe 11 Julai mwaka huo ni mwanachama kamili.

Ndani ya mkataba wa Jumuiya kuna kifungu cha 30. Kinasema kwamba mtu yeyote anayekaa katika inchi mwanachama anaweza kushtaki mwenyewe, mbele ya mahakama ya Jumuiya huko Arusha, sheria au kitendo cha serikali kinachovunja mkataba huo. Halazimiki kungoja serikali imsemee. Haki hiyo Chinn hakuwa nayo, na mwanakijiji wa wakati wa mpira hakuweza hata kuiota.

Mlango huo una vizingiti vyake. Muda ni miezi miwili tu tangu tendo litendeke, au tangu mlalamikaji alipolijua. Lugha ya mahakama, kwa mujibu wa mkataba, ni Kiingereza. Arusha ni mbali na Uvira na Bunia, na wakili anataka pesa. Kwa familia iliyokimbia usiku, miezi miwili hupita ikitafuta hema na chakula, na karatasi za biashara zimebaki katika nyumba iliyoachwa.

Kwa hiyo wamama wanaovuka mpaka na mabeseni yao wanahitaji vitu vitatu: kujua kwamba haki hiyo ipo, kutunza kila karatasi ya malipo ya duane, na kuwa na chama cha kuwapeleka pamoja pale mtu mmoja asipoweza. Mwaka 1885 jina la mkaaji wa Congo halikuandikwa kwenye sheria ya biashara yake. Sasa limo, chini ya maneno "mtu yeyote". Mtu yeyote ni pamoja na aliyehama.