Magurudumu ya Mbele Yanayozunguka Bure

Tarehe 30 Aprili 1948, kwenye maonyesho ya magari mjini Amsterdam, kampuni ya Rover ya Uingereza ilionyesha gari la shambani, Land Rover. Mhandisi wake mkuu, Maurice Wilks, alikuwa na shamba kisiwani Anglesey na Jeep kuukuu ya vita, naye alitaka kitu cha kuirithi. Chuma kilikuwa cha mgao, kwa hiyo bodi ikaundwa kwa aluminiamu. Injini ilikuwa ya lita 1.6, nguvu za farasi 50. Kwa kukokota jembe, zilitosha. Kwa Nairobi hadi Mombasa, hiyo ni habari nyingine, na ndipo ugomvi wa Land Rover na mafuta unapoanzia.

Matoleo ya kwanza yaliendeshwa kwa magurudumu yote manne wakati wote. Mwaka 1950 utaratibu huo ukaachwa, dereva akapewa uhuru wa kutumia ya nyuma peke yake. Watu walidhani wamepona. Kumbe magurudumu ya mbele, hata yasipovuta, yanaendelea kuzungusha shafti zake, difu na propela, vyuma vizito vilivyolala ndani ya oili nzito. Petroli inaungua kwa kazi isiyo na mshahara.

Dawa ilitoka Marekani, ambako Arthur Warn alianza mwaka 1948 kutengeneza habu za kufungua na kufunga kwa ajili ya Jeep. Unashuka, unazungusha kitasa katikati ya gurudumu, nalo linaachana na shafti. Land Rover nazo zikavishwa. Miaka ya 1970 ikaja ovadraivu ya Fairey, iliyopunguza mizunguko ya injini kwa zaidi ya moja ya tano katika mwendo uleule. Masikio ya abiria yalishukuru kabla ya mfuko wa dereva.

Injini yenyewe, ile ya petroli ya lita 2.25 iliyokuja 1958, haihitaji uchawi ili itumie mafuta kidogo. Nafasi ya platini ni milimita 0.35 hadi 0.40, ya valvu 0.25. Kisigino cha platini kikilika, nafasi hubana na cheche huchelewa. Gari linakuwa zito, linachemka, na mwenyewe anakimbilia kulaumu kabureta. Mimi huanza na jeki: nyanyua gurudumu, lizungushe kwa mkono. Likikwama, breki zinabana au beringi imekazwa mno, na hakuna taimingi itakayolifidia hilo. Kisha tazama tairi. Zile za zamani zenye nyuzi zilizopishana hupata joto zikijikunja. Za radiali, ambazo Michelin iliziandikia hataza 1946, hujikunja kwa ulaini zaidi. Upepo ukipungua, zote mbili huburuza.

Habu zina deni lake, hata hivyo. Kiungo cha shafti kinapozunguka ndicho kinachorusha oili hadi kwenye bushi ya juu, pale gurudumu linapokatia kona. Habu ikiachwa wazi miezi mitatu, bushi hukauka na usukani huanza kutetemeka. Ndiyo maana mafundi wa zamani, hata kiangazi barabara ikiwa kavu kabisa, huzifunga habu kwa kilomita chache, halafu wanazifungua tena.