Shamba Dogo Lisilogawanywa

Mji wa Eldoret ulizaliwa shambani. Mwaka 1908 Makaburu walioongozwa na Jansen van Rensburg waliwasili katika nyanda za Uasin Gishu, mahali ambapo Wamaasai na Wanandi walikuwa wamelisha ng'ombe wao tangu zamani. Serikali ya kikoloni iliipima nchi hiyo, ikaikata mashamba, na kila shamba likapewa nambari. Mwaka 1910 posta ilifunguliwa katika shamba nambari 64, na mji uliochipuka hapo wenyeji wakauita Sisibo, kwa kuitamka nambari hiyo ya Kiingereza kwa ulimi wao.

Baada ya Uhuru wa mwaka 1963 mengi ya mashamba hayo yalinunuliwa na Waafrika. Waliokosa fedha za kutosha waliungana katika vyama na makampuni, kila mtu akawa na hisa zake. Baadaye makampuni mengi yaliwagawia wanachama ardhi, na wanachama wakawagawia watoto wao. Sasa kuna nyumba nyingi ambamo ndugu hujiuliza eka chache zilizobaki zitakatwa vipi tena.

Swali hili Wafaransa walilikabili mapema. Sheria yao ya mwaka 1804 iliwapa watoto wote haki sawa katika urithi. Haki hiyo ilikuwa njema, lakini iliyakata mashamba vipande vipande. Katika jimbo la Burgundy liko shamba la mizabibu la Clos de Vougeot, lenye hekta 50 hivi. Zamani lilikuwa mali ya watawa peke yao. Liliuzwa kwa wanunuzi kadhaa mwaka 1889, na leo lina wenyewe wapatao 80, wengine wakiwa na mistari michache tu ya mizabibu.

Karibu na hapo, katika kijiji cha Vosne-Romanée, kuna shamba jingine dogo mno, la hekta 1.8, yaani eka nne na nusu hivi. Mwanamfalme wa Conti alilinunua mwaka 1760, nalo likaitwa Romanée-Conti. Mwaka 1942 wenyewe waliunda kampuni ili shamba lisikatwe kamwe: kila mrithi apate hisa, asipate mtaro.

Umoja huo ulijaribiwa upesi. Mdudu aliyetoka Marekani alikuwa amekwisha kuiharibu mizabibu ya Ufaransa, na wakati wa vita dawa ya kumzuia ikaadimika. Mavuno ya mwaka 1945 yalitoa chupa 600 tu. Mizabibu mikongwe iking'olewa, mipya ikapandwa mwaka 1947, na hakuna mvinyo uliotengenezwa hapo tangu 1946 hadi 1951. Kuvumilia miaka sita bila mavuno kungekuwa kugumu kwa kila mwenye kipande chake.

Mvinyo mwekundu ulio bora hukua ndani ya chupa: ukali wake hupungua polepole, na harufu yake huzidi kuwa nzuri. Mwaka 2018 chupa moja ya yale mavuno ya 1945 iliuzwa kwa mnada mjini New York kwa dola 558,000. Hatuyataji haya ili kusifu kileo, bali kuonyesha thamani inayoweza kutoka katika shamba dogo lililotunzwa zima.

Mahindi si zabibu, na hakuna gunia litakalouzwa kwa bei hiyo. Tena wazee wetu hawakugawana hisa zao kwa ujinga. Asiye na hati mkononi huweza kudhulumiwa na msimamizi mwenye hila, na wengi waliliogopa hilo kwa haki. Kumbe kinachohitajika kwanza ni hesabu iliyo wazi, inayosomwa mbele ya ndugu wote, wana kwa mabinti. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Penye daftari la kweli, ndugu waweza kugawana mavuno na kuiacha ardhi ikiwa nzima.