Lugha ya Mikono Iliyofika Bujumbura

Sisi walimu wa Kiswahili twajua vema jinsi lugha yetu ilivyofika Bujumbura: ilitoka pwani pamoja na misafara, ikapitia Ujiji, ikaota mizizi katika mitaa kama Buyenzi. Lakini mjini humo iko lugha nyingine iliyosafiri mbali zaidi, nayo haina sauti. Ni lugha ya ishara wanayofundishiwa viziwi. Historia yake haielezeki pasipo kumtaja Andrew Foster.

Foster alizaliwa mwaka 1925 katika jimbo la Alabama, Marekani. Alipokuwa na umri wa miaka 11, ugonjwa wa uti wa mgongo ulimfanya kiziwi. Kwa kuwa alikuwa mweusi na tena kiziwi, milango ya elimu ilikuwa na makufuli mawili mbele yake. Hata hivyo, mwaka 1954 alikuwa Mmarekani mweusi wa kwanza kupata shahada katika Chuo cha Gallaudet, chuo cha viziwi mjini Washington.

Mwaka 1957 alianzisha shule ya viziwi mjini Accra, na mwaka 1960 nyingine Ibadan, ambako baadaye walimu viziwi kutoka nchi zinazotumia Kifaransa walikwenda kujifunza kazi. Hadi alipofariki katika ajali ya ndege nchini Rwanda, tarehe 3 Desemba 1987, alikuwa ameanzisha shule zaidi ya 30 barani Afrika.

Mageuzi aliyoyaleta yalihusu lugha. Tangu mkutano wa walimu wa viziwi uliofanyika Milano mwaka 1880, shule nyingi zilikataza ishara na kumlazimisha mtoto asome midomo na kutamka sauti asizozisikia. Foster alifundisha kwa ishara na maandishi. Kwake, asiyesikia hakuwa amekosa akili. Alikuwa amenyimwa lugha.

Ishara alizozileta ni za Kimarekani, nazo zilipata msingi wake kwa Laurent Clerc, kiziwi Mfaransa aliyekwenda Marekani mwaka 1816. Hivyo zilitoka Ufaransa, zikavuka bahari mara mbili, na hatimaye zikakutana tena na Kifaransa katika madarasa ya Burundi. Bujumbura ipo shule ya viziwi iitwayo Ephphatha, neno la Injili lenye maana ya "funguka".

Hata hivyo, mgeni huyu naye aliwakuta wenyeji. Viziwi wa Afrika walikuwa na ishara zao za nyumbani na sokoni, na mara nyingi shule hazikuzipa nafasi. Hilo nasi twalifahamu, kwani wengi wetu tulipata kukatazwa lugha ya mama darasani.

Basi, ndugu mwalimu, kabla hujasema kwamba mtoto fulani hafundishiki, jiulize kwanza: je, amepewa lugha ya kufundishiwa?