Dashibodi ya Pikapu Kuukuu: Mafundi wa Katwe na Kiswahili cha Karakana

Watu watajapo historia ya Kiswahili katika Uganda, aghalabu hutaja mambo matatu: misafara ya biashara iliyotoka pwani, kambi za askari, na mabishano ya watawala juu ya lugha ya kufundishia. Hatuna nia ya kuyapinga hayo. Ila twaona kuna mahali pa nne ambapo walimu wengi tumepita bila ya kusimama, napo ni karakana ya magari. Katika makala haya tutatazama kitu kimoja tu cha karakana, yaani dashibodi ya pikapu kuukuu inayotengenezwa upya mjini Kampala, ili tuone ni historia kiasi gani inayoweza kukaa juu ya kipande cha ubao.

Neno dashibodi lenyewe lina safari ndefu. Kwa Waingereza lilikuwa jina la ubao uliowekwa mbele ya gari la farasi ili matope yaliyorushwa na kwato yasimfikie mwendeshaji. Farasi akaondoka, injini ikashika nafasi yake, ubao ukabaki na jina lake. Kisha ukapachikwa saa ya mwendo, geji ya mafuta na taa za kuonya. Sisi tulilipokea neno hilo likiwa limekwisha kusahau matope. Lakini tusidhani kwamba Kiswahili kilipokea tu. Hapo hapo mbele ya dashibodi pana usukani, nalo ni neno la wanamaji. Wazee wetu wa pwani waliposema kwamba chombo cha kuzama hakina usukani, hawakuwa wamepata kuona motokaa. Gari lilipokuja, lugha haikuhangaika. Ilichukua kitu cha jahazi ikakitia mkononi mwa dereva, na leo neno hilo linatumika hata mahali palipo mbali na bahari kama Kampala.

Yafaa ikumbukwe kwamba Kampala ilipata kuwa makao ya usanifishaji wa Kiswahili. Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, iliyoanzishwa mwaka 1930, ilihamia Makerere mwaka 1952 na kukaa huko miaka kumi kabla ya kwenda Mombasa. Jambo hili huwashangaza wanafunzi wetu, kwa sababu wamezoea kusikia habari za upinzani tu: jinsi Gavana Gowers alivyopendekeza Kiswahili mwaka 1927, na jinsi Kabaka Daudi Chwa alivyokikataa mwaka 1929. Basi juu ya kilima cha Makerere wataalamu walipima maneno, na bondeni Katwe, chini ya Mengo, mafundi walipima vyuma. Hatudai kwamba pande hizo mbili zilijuana. Twasema tu kwamba zote zilihitaji lugha, na historia ya upande mmoja imeandikwa kuliko ya mwingine.

Miaka ile ya 1960 magari ya Peugeot 404 yalipata sifa kubwa katika nchi zetu. Gari hilo lilitolewa Ufaransa mwaka 1960, na lilishinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki mara nne: 1963, 1966, 1967 na 1968. Pikapu yake ilifuata, yenye gia za kushikwa kwenye shingo ya usukani. Datsun na Toyota nazo zilileta pikapu zao. Mkulima alipakia ndizi, mwenye duka alipakia sukari, na abiria walikaa nyuma juu ya mizigo yao.

Kisha ukaja mwaka 1972. Mwezi wa Agosti Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 za kuondoka nchini, na kabla ya mwisho wa mwaka maelfu walikuwa wamekwenda zao. Maduka yao waligawiwa watu ambao wengi hawakuijua biashara. Watu wa Kampala waliwaita matajiri hao wapya mafutamingi. Mwalimu wa sarufi atasahihisha mara moja na kusema “mafuta mengi”. Lakini historia haikungoja sahihisho letu, na jina hilo limebaki vile vile katika vitabu vinavyosimulia kipindi hicho. Pamoja nalo lilivuma neno jingine la Kiswahili, magendo, maana bidhaa zilipokosekana madukani zilitafutwa kwa njia za uchochoroni.

Vipuri vya magari vilikuwa miongoni mwa vitu vilivyoadimika. Ndipo thamani ya fundi wa Katwe ilipodhihirika. Ikiwa dashibodi imepasuka kwa jua na hakuna nyingine ya kununua, itachongwa ya mbao. Ikiwa geji imekufa, itatolewa katika gari jingine lililokwisha kulala. Wako waliodharau vitu vya Katwe na kuviita bandia, na mara nyingine walikuwa na haki. Lakini gari linalotembea kwa kitu cha bandia humfikisha mgonjwa hospitali, na lile linalongoja kitu halisi hubaki juu ya mawe.

Kazi yenyewe ina taratibu zake. Kwanza huondolewa waya wa betri, isije ikapigwa shoti. Hufuata usukani, kisha huchomolewa kebo ya saa ya mwendo inayotoka kwenye giaboksi. Nati na skrubu hupangwa kwa zamu zilivyofunguliwa. Bodi la chuma huondolewa kutu, hunyooshwa, hupigwa msasa na rangi. Anayetaka ubao huutafuta kwa wauza mbao wa Ndeeba, nao mvule husifiwa kwa ugumu na rangi yake. Matundu ya saa hukatwa, hulainishwa kwa tupa, na waya huungwa kwa kulehemu, kila njia na fyuzi yake. Tumepata kuona hata dashibodi iliyovishwa lubugo, ile nguo ya gome la mti wa mutuba ambayo utengenezaji wake ulitangazwa na UNESCO mwaka 2005 kuwa urithi wa binadamu.

Siku moja tuliwachukua wanafunzi wetu tukaenda nao Katwe, wamsikilize mzee mmoja aliyekuwa akiitengeneza Peugeot 404 ya mkulima. Mzee alikuwa amekwisha kuweka geji nzuri ya mafuta, iliyotoka katika gari la aina nyingine. Akawasha swichi, mshale ukapanda hadi juu. Wanafunzi wakashangilia. Mzee akatikisa kichwa. “Ssebo mwalimu,” alisema, “hii geji inasema uongo. Tangi iko na lita tano tu.” Akatueleza kwamba ndani ya tangi mna boya ambalo, likipanda na kushuka, hubadilisha nguvu ya umeme inayofika kwenye geji. Boya na geji zisipokuwa za kabila moja hazielewani: tangi likiwa tupu, mshale waweza kusema limejaa. Mwenye gari asiyejua hilo atakwama porini usiku, naye anatazama dashibodi maridadi inayomwambia ana mafuta tele.

Tulirudi shuleni tukilitafakari jambo hilo. Kwa nusu saa mzee yule alikuwa amefundisha somo la umeme kwa Kiswahili, bila ya kukwama. Maneno yake yalikuwa bisibisi, spana, fyuzi, boya, waya, mshale. Mengine ya kukopa, mengine ya bahari, mengine ya kale; kila moja lilifanya kazi yake. Wanafunzi waliokuwa wakituambia kwamba Kiswahili ni lugha ya vizuizi vya barabarani, lugha ambayo wazazi wao waliisikia kwa askari nao wakaogopa, siku ile waliisikia ikitengeneza kitu. Hofu ile ina sababu zake, wala si haki kuwacheka walioipata. Lakini haitaondolewa kwa hotuba. Itaondolewa kwa kuwasikilizisha watoto Kiswahili cha kazi ya halali.

Tangu mwaka 2005 Katiba ya Uganda imekitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Hayo ni maendeleo, nasi twayashukuru. Hata hivyo, uamuzi ni kama geji: huonyesha kiasi, haujazi tangi. Tukiwapa wanafunzi orodha za ngeli peke yake, na mtihani ukatoa alama nzuri, tutakuwa tumefunga geji isiyopatana na boya lake.

Tena wakati haupo wa kupoteza. Sheria ya mwaka 2018 imezuia kuingizwa nchini magari yaliyozidi umri wa miaka 15. Pikapu hizi za zamani zilizobaki ndizo hizo tulizonazo, na waliozijua tangu ujana wao wamekuwa wazee. Mzee wetu hana daftari. Alichonacho kimo mikononi na kinywani. Siku atakapoacha kufungua karakana, mengi ya maneno hayo hayatapata mtu wa kuyataja kwa uhakika.

Kwa hiyo twawaomba walimu wenzetu jambo dogo. Kila mmoja awatume wanafunzi wake kwenye karakana iliyo karibu, wakiwa na kalamu na adabu, waandike jina la kila chombo na la kila tendo kama fundi asemavyo, si kama sisi tupendavyo aseme. Kusahihisha kutakuja baadaye. Hapo kwanza tuhakikishe boya na geji vinaelewana.