Tairi Ikiwaka Kila Mtu Anaiona, Ikilala Haina Mwenyewe

Juni 2024, tulipoingia barabarani kupinga Mswada wa Fedha, Kisii haikubaki nyuma. Tairi ziliwaka, moshi ukapanda, na lawama zikaanza: vijana wanaharibu barabara, vijana wanachafua hewa. Sawa, moshi wa tairi ni sumu, sibishi. Lakini sikusikia mtu akiuliza swali moja rahisi: hizo tairi zilikuwa zinalala wapi siku moja kabla?

Hakuna msee hununua tairi mpya aende kuichoma. Zilikuwa hapo tu. Nyuma ya kibanda cha pancha, kando ya gereji, ndani ya mtaro. Zimekaa miaka, zimejaa maji, na mvua ya Gusii mnaijua. Ukifuata historia yake utaona tairi kuukuu ni takataka ambayo kila serikali iliyowahi kutawala huu mji imeikuta, ikaiangalia, ikaiachia serikali inayofuata.

Kwanza, kwa nini haiozi? Mwaka 1839 Mmarekani Charles Goodyear aligundua kwamba ukipika mpira na salfa, unakuwa mgumu, unavutika, na hauyeyuki tena kwa joto. Ni kama chapati. Ukishaipika, huwezi kuirudisha iwe unga. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo huko Belfast, akaujaza mpira hewa kwa ajili ya baiskeli, na dunia ikaanza kuviringika. Ndiyo maana plastiki unaweza kuyeyusha ukatengeneza beseni, lakini tairi ukiipasha moto inaungua tu.

Huku kwetu, Waingereza waliingia kwa bunduki. Januari 1908 Otenyo alimchoma mkuki ofisa wao, Northcote, na serikali ikajibu kwa kuchoma nyumba na kubeba mifugo. Kituo chao wazee wakakiita Bosongo, yaani kwa Wazungu. Hicho ndicho Kisii Town ya leo. Mwaka 1921 koloni ikapata Sheria ya Afya ya Umma, na ndani yake kuna sehemu nzima ya mbu: mwenye ploti asiweke chupa, mikebe wala kitu chochote kinachoweza kushika maji mbu wakazaliana. Tairi haikutajwa kwa jina. Lakini hebu niambie, tairi ni nini kama si sufuria isiyo na njia ya kumwaga maji? Hiyo sheria bado iko, Sura ya 242. Zaidi ya miaka 100, afisa wa afya amekuwa na nguvu ya kumwambia mtu aondoe huo mrundo.

Na mbu si stori ya kutishana. Mwaka 1985 kule Houston, Marekani, waligundua mbu wa kutoka Asia wamezaliana mjini. Walisafirije? Ndani ya tairi kuukuu zilizoletwa kwa meli. Jamaa zao hao mbu ndio wanaoeneza dengi na chikungunya hapa Kenya, hasa Pwani. Wanapenda maji kidogo, kivuli na utulivu. Tairi inawapa vyote vitatu.

Sasa, wakati serikali inaangalia kando, nani alikuwa anashughulika na tairi? Fundi wa akala. Yule mzee na kisu chake sokoni ametoa tairi nyingi mjini kuliko ofisi yoyote. Tairi ikawa kiatu cha kwenda shamba, mpira wa ndani ukawa blada ya kufunga mzigo kwenye nduthi, na ikibaki nyingine watoto wanaisukuma na fimbo. Hiyo ndiyo ilikuwa idara yetu ya tairi, na haikuwahi kupewa hata shilingi moja ya bajeti.

Shida ni kwamba tairi yenyewe ilibadilika. Nyingi za siku hizi zina waya wa chuma ndani, na kisu cha akala hakipendi waya. Anayeutaka huo waya ni mnunuzi wa vyuma, anayelipa kwa kilo. Mpira haununui. Kwa hivyo njia rahisi ya kupata waya ni kuchoma mpira. Cheki hesabu: chuma chakavu kina sheria yake ya 2015. Kuhusu mpira, NEMA iliandika rasimu ya kanuni za tairi kuukuu mwaka 2013, lakini rasimu haibebi tairi.

Turudi kwa serikali. Baada ya uhuru tukawa na mabaraza, na kanjo wao mliwajua: haraka kwa mama mboga, pole kwa takataka. Katiba ya 2010 ikasema wazi, Jedwali la Nne, kwamba kuondoa taka na kusimamia majaa ni kazi ya kaunti. Mwaka 2013 Kisii na Nyamira zikapata serikali zake.

Ukitaka kuelewa kilichofuata, nenda Keroka. Soko limekaa juu ya mpaka, na tangu ugatuzi uanze kaunti hizi mbili zimekuwa zikivutana kuhusu nani ana haki ya kutoza ushuru. Kwa ushuru, kila mtu ni mwenye soko. Mimi sijawahi kusikia zikigombania nani ana haki ya kubeba tairi kuukuu.

Na mambo hayabaki Keroka. Mto Nyakomisaro unapita katikati ya Kisii Town, na maji yake yanaelekea Gucha, halafu Ziwa Victoria. Tairi ikichomwa inatoa moshi na mafuta mazito meusi pia, na mvua haiulizi mpaka wa kaunti.

Kuna jambo lingine lilitupita hivi hivi. Zamani Kenya ilitengeneza tairi zake Nairobi, kwanza kwa jina la Firestone, baadaye Sameer na tairi zake za Yana. Mwaka 2016 kiwanda kikafungwa, na sasa tunaagiza tu kutoka nje. Ukiwa na kiwanda, unajua mlango wa kubisha. Ukiwa na makontena, lazima sheria ikutafutie mlango. Na mwaka 2022 ilikuja: Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka inasema anayetengeneza au kuingiza bidhaa nchini awajibike mpaka bidhaa inapogeuka takataka. Pia inataka kaunti ziwe na vituo vya kukusanya vitu vinavyoweza kutumika tena.

Kwa hivyo msiniambie hakuna sheria. Iko ya 1921, iko Katiba, iko ya 2022. Kinachokosekana ni mahali pa kupeleka tairi na mtu wa kulipwa kwa kuileta. Tanuru za simiti zinaweza kuchoma tairi kwa joto kali sana na kupata nguvu, lakini viwanda vyetu vikubwa viko upande wa Athi River na Mombasa. Hakuna wa pancha atakayelipa lori kutoka Nyamira mpaka huko kwa tairi sita. Kituo kimoja chenye paa Kisii, kimoja Nyamira, waletaji walipwe kidogo kwa kila tairi, na bili iende kwa waagizaji. Fundi wa akala achague zake kwanza.

Kila mwaka kabla ya bajeti, kaunti lazima iwaite wananchi watoe maoni. Mara nyingi ukumbi unajaa wazee na wale walioahidiwa nauli. Twendeni sisi. Tuulize kwa kipaza sauti: tairi zina shilingi ngapi mwaka huu? Wakisema sufuri, basi wakati mwingine zikiwaka barabarani, wajue zilitoka kwenye mrundo ambao wao wenyewe waliuacha.