Alama za Jiliwa

Wasikilizaji wetu, twajua uchungu wa seremala aliyeranda ubao wake siku mbili hata ukawa laini, akauambatisha na mwenziwe kwa gundi, akaubana kwa jiliwa usiku kucha. Asubuhi akilegeza parafujo, aona chuma kimepiga muhuri wake juu ya kazi. Kazi imeharibika ikiwa karibu kwisha. Jioni hii tutasimulia jinsi mafundi wa kale walivyopambana na jambo hilo.

Hapo zamani mbao zilibanwa kwa kamba iliyosokotwa kwa kijiti, au kwa kabari iliyogongwa baina ya vigingi. Parafujo nayo ni ya kale: Pliny, Mrumi aliyekufa mwaka 79, alieleza mitambo ya parafujo ya kukamulia zabibu. Lakini parafujo hizo zilikuwa za mti, na mti ukibana mti mwenziwe haumwumi sana. Chuma ndicho kilicholeta nguvu nyingi, na jeraha pamoja nayo.

Tutazame Paris katika karne ya 18. Huko alikuwako André Jacob Roubo, mtoto wa seremala na seremala mwenyewe, aliyeandika kitabu kikubwa cha useremala kilichoanza kutolewa mwaka 1769. Mafundi wa Ufaransa walikuwa na jiliwa refu la chuma waliloliita »sergent«, yaani sajini. Na kwa hakika sajini huyo alijua kushika! Walikuwa na chuma kingine kilichopindwa kama mkono, kilichopita katika tundu la meza na kukazwa kwa pigo la nyundo. Hicho ndicho kilichokuwa hatari zaidi, kwa kuwa pigo halina kipimo kama parafujo.

Dawa yake ilikuwa kitu duni kabisa: kibao kilichookotwa katika takataka za karakana, kikatiwa baina ya chuma na kazi. Mti ni kama mafungu ya mirija myembamba. Ukigandamizwa ubavuni mirija hubonyea. Kibao kinene huitandaza nguvu ya chuma mahali papana, na kama ni laini kuliko kazi, hubonyea chenyewe kwanza. Tena humkinga fundi na balaa la pili: chuma kikigusa gundi mbichi juu ya mti wenye tanini kama mwaloni, huacha doa jeusi, na doa hilo ni shida kuliko shimo.

Waliobandika mbao nyembamba za urembo juu ya makabati walikuwa na kazi ngumu zaidi. Gundi yao ya ngozi huganda upesi ikipoa, kwa hiyo walipasha moto mbao za kubania, wakaweka karatasi katikati ili gundi ikipenya isiushike ubao wa juu, kisha wakakaza upesi. Aliyesahau karatasi aliambatisha kibao na kabati.

Na yule aliyekwisha kuumiza kazi? Aweke kitambaa chenye maji juu ya alama, apitishe pasi ya moto. Mvuke huingia katika mirija iliyobonyea, ikavimba na kuinuka. Lakini nyuzi zikiwa zimekatika, pasi haifai kitu. Hapo fundi hushika randa, akaanza upya.