Keria ya baiskeli nyuma ya gari: anza na chuma, si na keria

Tangu nihamie Ongata Rongai kikazi, ndugu zetu wa Pwani tunaoishi nao huku wameniuliza swali hili mara nyingi kuliko wanavyoniuliza bei ya ploti: nikitaka kubeba baiskeli nyuma ya gari, ninunue keria gani? Jibu langu huwaudhi wanaotaka kutajiwa jina la kampuni na duka. Nawaambia wasianze na keria. Waanze na gari walilo nalo, kisha uzito watakaoupakia. Keria ni ya tatu. Leo nimeona niyaandike yote mahali pamoja, ili anayetaka kununua ayasome kabla hajatoa pesa.

Haja yenyewe ipo. Barabara ya Magadi ndiyo mshipa wa Rongai, na matatu, malori na bodaboda zote zimo humo humo. Si mahali pa kumwachia mtoto wa miaka kumi aendeshe baiskeli. Kwa hivyo watu hupakia baiskeli garini, wakapita Kiserian, wakashukia Kona Baridi ambako barabara inaanza kuteremka Bonde la Ufa kuelekea Olepolos, Olorgesailie na Magadi. Wengine huzipeleka msitu wa Karura, au Hell's Gate kule Naivasha, mbuga ambayo wageni wanaruhusiwa kuizunguka kwa baiskeli. Na sisi wa Pwani tuna safari yetu kubwa: shule zikifungwa au Idi ikikaribia, watoto hawakubali kwenda Mombasa au Malindi bila baiskeli zao.

Sasa fikiria aliye nyuma yako. Katika Barabara ya Magadi nyuma ya gari lako hapakosi bodaboda, na mara nyingi amepakia. Baiskeli ya kilo 15 ikimdondokea mbele, hana pa kukwepea. Hilo ndilo linalonifanya niandike kwa kirefu juu ya kitu kinachoonekana kidogo.

Paa, buti au chuma cha trela

Kuna njia tatu za kubeba baiskeli nje ya gari. Ya kwanza ni juu ya paa. Haizibi taa wala buti, lakini baiskeli inabidi inyanyuliwe hadi juu ya kichwa, gari linakula mafuta zaidi kwa sababu ya upepo, na dereva akisahau akaingia kwenye maegesho yenye kizuizi cha urefu, hasara haina mfano.

Ya pili ni keria ya mikanda inayoning'inizwa kwenye mlango wa buti. Ni rahisi na inafaa magari madogo, lakini ndoano zake hushika kingo za bati, na kwenye magari mengi ya sasa kingo hizo ni za plastiki au kioo. Mikanda hulegea njiani, na rangi huchubuka.

Ya tatu ndiyo tunayoizungumzia: keria inayofungwa kwenye chuma cha kuvutia trela. Mafundi wetu hukiita toba, nasi tunamwomba Mola toba nyingine. Keria hii inakaa chini, hata mtoto anaweza kusaidia kupakia, na uzito unabebwa na chesi badala ya bati. Ubaya wake ni kwamba gari linarefuka nyuma kwa karibu mita moja, na lazima uwe na chuma chenyewe.

Chuma kwanza

Magari mengi tunayonunua yametoka Japani yakiwa yametumika, na kwa kawaida hayaji na chuma cha trela. Probox, Fielder, Note, Demio: angalia chini ya bampa, hutakuta kitu. Kwa hivyo chuma kitafungwa hapa nchini, na hapo ndipo usalama wote unapoanzia.

Kuna aina mbili. Ya kwanza, iliyozoeleka sana Kenya, ina kichwa cha duara chenye kipenyo cha milimita 50. Keria ya mtindo wa Ulaya hukikaba kichwa hicho kwa kufuli lake. Ya pili ni ya mtindo wa Marekani, yenye tundu la mraba ambamo mkono wa keria huingizwa na kufungwa kwa pini. Tundu hilo huja kwa vipimo viwili vikubwa: inchi 1¼ kwa magari madogo, na inchi 2 kwa magari makubwa. Keria ya kichwa cha duara haiingii kwenye tundu la mraba, wala ya tundu haikai kwenye kichwa. Nimeona watu wakiletewa keria nzuri na jamaa aliye ughaibuni, ikafika, ikawekwa stoo kwa sababu haiingiani na gari. Pima kabla ya kuagiza.

Fundi wa kuchomelea akikuambia atakuundia chuma kwa siku moja, muulize jambo moja tu: utakifunga wapi? Jibu sahihi ni kwenye chesi au mihimili mikuu ya chini ya gari, kwa bolti nene na pande zote mbili. Akisema kwenye bampa, au kwenye bati la sakafu ya buti, mshukuru na uende zako. Bampa haikuundwa kubeba. Na kama kitabu cha gari lako kinasema lisivute wala kubebeshwa kitu nyuma, usibishane nacho. Gari dogo namna hiyo lifungie keria ya mikanda kwa baiskeli moja nyepesi, au laza kiti cha nyuma, ng'oa gurudumu la mbele, ingiza baiskeli ndani.

Hesabu ya uzito

Kila chuma cha trela kina mipaka miwili, na watu huchanganya. Kuna uzito kinachoweza kuvuta, ambao ni mkubwa, na kuna uzito kinachoweza kubebeshwa kwa kushuka chini, ambao ni mdogo sana. Keria inahusika na huo wa pili. Kwa magari mengi ya familia huwa kati ya kilo 50 na 100. Umeandikwa kwenye kibandiko cha chuma au kwenye kitabu cha gari. Ikitokea kitabu kina namba moja na chuma kina nyingine, fuata iliyo ndogo.

Tufanye hesabu. Baiskeli mbili za watu wazima, kilo 15 kila moja, ni 30. Mbili za watoto, kilo 10 kila moja, ni 20. Keria yenyewe ya baiskeli nne, tuseme kilo 22. Jumla ni kilo 72. Kama chuma chako kinaruhusu 75, umepita kwa tundu la sindano. Badilisha baiskeli moja ya mtu mzima uweke ya umeme yenye kilo 25, jumla inakuwa 82, na umevuka mpaka. Wengi husahau kuhesabu keria, na keria si nyepesi.

Kisha kuna umbali. Shika pakiti ya unga ya kilo 2 karibu na kifua, halafu nyoosha mkono. Unga ni ule ule, lakini mkono unaanza kutetemeka. Ndivyo chuma kinavyoona baiskeli ya nne iliyo mbali na bampa. Kwa hiyo baiskeli nzito ikae karibu na gari, nyepesi ikae nje. Na ukiongeza kipande cha kurefusha mkono wa keria, labda kwa sababu tairi la akiba limekaa kwenye mlango wa nyuma, watengenezaji wengi hukutaka ukate uwezo wa chuma kwa nusu. Kilo 75 zinabaki kama 37.

Kuning'iniza au kuweka juu ya jukwaa

Keria za chuma cha trela ni za namna mbili. Moja ina mikono miwili, na baiskeli inaning'inia kwa bomba la juu la fremu. Ni nyepesi, ya bei nafuu na inakunjika. Lakini baiskeli hupembea na kugongana, na nyingi hukomea karibu na kilo 16 kwa kila baiskeli. Baiskeli zetu za chuma tunazoziita mamba hufika kilo 20 na kupita, kwa hivyo hazifai hapo. Baiskeli za kike zisizo na bomba la juu, ambazo ndizo kina mama wetu wa buibui huzipendelea, nazo hazina pa kuning'inia mpaka ununue bomba la kuziba pengo kati ya kiti na usukani. Za watoto zina shida hiyo hiyo, kwa ufupi wa fremu.

Nyingine ni ya jukwaa. Magurudumu hukaa kwenye vijia, mikanda huyafunga, na mkono mmoja hushika fremu au tairi la mbele. Inabeba uzito zaidi, inakubali baiskeli za kila umbo, na haichubui. Kwa fremu za kaboni chagua inayoshika tairi peke yake, maana kaboni ikibanwa hupasuka. Ni ghali zaidi na nzito zaidi, lakini kwa familia yenye baiskeli mchanganyiko, mimi ningeichagua hiyo bila kusita. Tafuta inayoinama nyuma ili buti lifunguke bila kushusha baiskeli. Utaikumbuka nasaha hii siku mkoba wa maji na vitafunio umo ndani na watoto wanalia.

Taa na nambari

Baiskeli tatu zikishapangwa, nambari ya gari haisomeki na taa za breki huonekana nusu. Sheria ya Trafiki ya Kenya, Sura ya 403, inataka vyote viwili vionekane, na askari wa barabarani hahitaji sababu nyingine ya kukusimamisha. Lakini faini ndiyo ndogo. Asiyeona breki zako ni yule wa bodaboda.

Keria nyingi za mtindo wa Ulaya huja na ubao wenye taa zake na mahali pa nambari, unaochomekwa kwenye soketi ya gari yenye pini 7 au 13. Nyingi za mtindo wa Marekani haziji nao. Soketi yako ikiwa ya pini 7 na waya wa keria ni wa 13, kipo kiunganishi kidogo cha kati. Mwambie fundi wa umeme akuwekee soketi siku ile ile chuma kinapofungwa. Ama nambari, usiandike kwa kalamu kwenye katoni. Ulizia NTSA utaratibu unaokubalika.

Barabara zetu na chumvi yetu

Namba iliyobandikwa kwenye keria ilipimwa ikifikiriwa barabara ya lami. Baadhi ya watengenezaji hukataza kabisa njia mbovu, wengine hukata uwezo kwa nusu. Ukiingia vichochoro vya Kware au Gataka baada ya mvua, au ukipanda matuta ya Kiserian bila kupunguza mwendo, kila tuta ni nyundo juu ya kile chuma. Panga mzigo wa robo tatu ya uwezo, usiujaze. Panda matuta polepole, na uangalie mkia: gari lililorefuka nyuma hugusa chini pale ambapo zamani halikugusa. Hakikisha pia tairi la baiskeli halikai mbele ya mdomo wa ekzosi, maana joto lake huyeyusha mpira.

Na wewe uliye Mombasa, Lamu au Kilifi una adui mwingine. Hewa ya chumvi hula pini na kufuli mpaka mkono wa keria unagandiana na tundu, usitoke hata kwa nyundo. Paka grisi pini na kichwa cha chuma, osha keria kwa maji baridi ukitoka ufukweni, na ivue safari ikiisha. Anayetoka ziwa Magadi naye aoshe, kwani vumbi la magadi likilowa huchubua alumini. Keria tupu isiachwe kwenye gari: hugonga miguu ya wapita njia, na usiku mmoja huondoka na mwenyewe asijue.

Kabla ya kulipa, na kabla ya kuondoka

Dukani uliza haya: inaingia kwenye chuma changu? Ina uzito gani yenyewe? Inabeba kilo ngapi kwa kila baiskeli? Ina taa? Ina kufuli mbili, ya gari na ya baiskeli? Vipuri vya mikanda vinapatikana? Kisha omba ifungwe kwenye gari lako papo hapo, na baiskeli yako juu yake. Muuzaji akikataa, umeshapata jibu. Ukinunua ya mtumba, kagua viungo vilivyochomelewa: ufa mwembamba kama unywele unatosha kuiacha.

Siku ya safari, ishike baiskeli ya nje uitikise kwa nguvu. Gari lote litikisike pamoja nayo. Keria ikicheza peke yake, kaza tena. Ongeza mkanda mmoja wa ziada kuzunguka fremu zote. Simama baada ya kilomita kumi ukague, kwani mikanda hulegea mwanzoni. Kwa njia ndefu ya Mombasa, karibu kilomita 480, fanya kila kituo kuwa cha ukaguzi: Emali, Mtito Andei, Voi. Ukisimama Mackinnon Road kuswali kwenye msikiti wa Sayyid Baghali, zunguka nyuma ya gari kwanza, kamata kila mkanda, ndipo uende kutawadha. Kutawakali kunakuja baada ya kufunga.